Doa jeusi kwenye mlango wa kizazi: rangi inatoka wapi, na lini iogopwe

Mama wa miaka 40 na kitu ametolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi zilizomtoa damu mpaka akapungukiwa. Upasuaji umekwenda salama, kidonda kinafunga, na wiki chache baadaye anakabidhiwa majibu ya maabara. Fibroidi zimethibitishwa, saratani hakuna. Kisha chini ya karatasi kuna mstari ambao hakuna mtu aliyemwandaa kuusoma: ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi imeonekana nevasi ya bluu, yaani kidoa cha seli za rangi, milimita 3. Anaingia kwenye simu kuitafuta. Nevasi inampeleka kwenye melanoma, saratani ya seli za rangi, melanoma inampeleka kwenye picha za kutisha, na usiku huo usingizi hauji.

Hivi ndivyo madoa haya yanavyogundulika mara nyingi: kwa bahati, kwenye kizazi kilichotolewa kwa shida nyingine kabisa. Yule mama hana cha kuogopa. Ila kumwambia tu "usijali" hakumtoi wasiwasi, na wala hakumsaidii mwenzake ambaye muuguzi ameona kitu cheusi akiwa bado kwenye kitanda cha uchunguzi, spekulamu, kile kifaa cha kupanua uke, ikiwa ndani. Huyo wa pili hali yake ni tofauti kidogo, na tutamfikia.

Tuanze na rangi ya kawaida. Watu wengi hudhani mwanamke mweusi ni mweusi mpaka ndani. Sivyo. Mashavu ya nje ya uke yana rangi ya ngozi, mara nyingi iliyokolea zaidi ya sehemu nyingine za mwili, lakini ukishaingia ndani utando wa uke na mlango wa kizazi ni wa pinki kwa mwanamke wa Tanga kama ulivyo kwa mwanamke wa Oslo. Sehemu ya mlango inayochungulia ukeni ni pinki laini. Mfereji unaoelekea juu kwenye mji wa mimba ni mwekundu zaidi, kwa kuwa umefunikwa na safu moja tu ya seli na mishipa ya damu iko karibu. Kwenye uwanja huo wa pinki, kidoa cha kahawia, cheusi au cha bluu hakijifichi.

Mara nyingi rangi hiyo hufika pale kwa njia tatu. Ni melanini, ile ile inayotupa rangi ya ngozi na nywele. Au ni damu iliyovujia ndani ya nyama na kuchakaa. Au ni kitu kilicholetwa kutoka nje. Kila daktari anayeangalia doa la namna hii anajaribu kujua ni ipi kati ya hizo tatu, na kwa macho peke yake mara nyingi hawezi.

Seli zilizosafiri na kushukia njiani

Melanini hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Seli hizi hazizaliwi kwenye ngozi. Mimba ikiwa changa kabisa, kunajitokeza kundi la seli kando ya mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, na kutoka hapo zinasambaa mwili mzima. Baadhi zinakuwa neva, baadhi zinaishia juu ya figo, na nyingine ndizo melanosaiti. Nyingi hufika kwenye ngozi, mzizi wa nywele na jicho. Chache hushukia mahali ambapo hakuna anayezitarajia: kinywani, kwenye koo la chakula, kwenye utando wa ubongo, na kwenye mlango wa kizazi. Wapo wataalamu wanaoona kwamba zile za mlango wa kizazi hazikusafiri hadi pale zenyewe, bali zimetokana na seli zinazofunika neva, kwa sababu zina ukoo mmoja nazo na neva zipo tele mahali pale.

Kwa hiyo kuwa na melanosaiti kwenye mlango wa kizazi si ugonjwa. Mwaka 1959 mtafiti aitwaye Cid alizikuta seli zenye melanini kwenye tabaka la chini la utando katika asilimia 3.5 ya milango ya kizazi aliyoichunguza. Zikiwa chache na zimetawanyika, hakuna anayeziona. Zikikusanyika sehemu moja ndipo doa linapotokea, na kina zilipokusanyika ndicho kinachoamua doa litaitwaje.

Zikikaa juu, kwenye tabaka la chini kabisa la utando wa nje, tunapata melanosisi. Ni bapa, ya kahawia au nyeusi, wakati mwingine moja, wakati mwingine mabaka mawili matatu. Ukipitisha kidole chenye glavu hausikii kitu. Kuna wanawake ambao melanosisi imewatokea baada ya mlango wa kizazi kuguswa na tiba, kwa mfano kugandishwa, na hilo halishangazi: hata ngozi ya mkono ikiungua huweza kupona kwa kuacha weusi kuliko ilivyokuwa.

Zikikaa chini zaidi, kwenye nyama iliyo chini ya utando, tunapata ile nevasi ya bluu ya yule mama. Hapa seli si za duara. Ni nyembamba, ndefu, zenye mikono inayopenya katikati ya nyuzi za nyama, na zimejaa chembe za rangi. Mara nyingi zinakuwa ukutani mwa mfereji, upande wa nyuma, na ukubwa wake ni milimita chache. Kwa kuwa zimo ndani ya mfereji, hata mtu mwenye kolposkopu nzuri, ile lenzi ya kukuza mlango wa kizazi, anaweza asizione kamwe.

Nevasi ya kawaida, yaani ile tunayoijua usoni kama kidoa cheusi, nayo inaweza kuota kwenye mlango wa kizazi, lakini hiyo ni adimu kuliko zote na sitaisemea zaidi.

Kwa nini bluu?

Melanini yenyewe haina ubluu wowote. Ni kahawia inayoelekea weusi. Ikiwa juu juu unaiona kwa rangi yake. Ikiwa ndani, mwanga lazima upite kwenye nyama kwanza. Mwanga mwekundu huzama mpaka kwenye melanini na kumezwa huko. Mwanga wa bluu hutawanywa na nyama kabla haujafika mbali, ukarudi kwenye jicho lako. Matokeo yake kitu cheusi kilichozikwa kinaonekana cha bluu. Tattoo ya wino mweusi ikikaa miaka ikaanza kuonekana ya kijani-bluu, sababu mojawapo ni hiyo hiyo. Wanafizikia huuita mtawanyiko wa Tyndall, kwa jina la John Tyndall wa karne ya 19.

Na kuna mfano ambao karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki imeuona: lile baka la bluu la mtoto mchanga, mgongoni chini au kwenye makalio, ambalo mgeni asiyejua hudhani mtoto amefinywa. Zile ni melanosaiti zilizobaki kwenye tabaka la ndani la ngozi badala ya kufika juu, na nyingi hufifia mtoto akikua. Nevasi ya bluu ni jamaa wa karibu wa baka hilo, tofauti ikiwa seli zake ni nyingi zaidi mahali padogo na hazifutiki. Kwenye ngozi ilielezwa mwaka 1906 na Max Tièche, aliyekuwa chini ya Josef Jadassohn mjini Bern, Uswisi, na mpaka leo vitabu vingine huiita kwa majina ya hao wawili.

Sasa kuhusu neno "adimu", ambalo huwatisha wagonjwa kuliko linavyostahili. Kizazi kizima kinapofika maabara, mlango wake haukatwi wote vipande vipande. Mtaalamu huchukua sehemu chache, zinazamishwa kwenye nta, na kutoka kila kipande cha nta hukatwa ukanda wenye unene wa karibu mikroni 4, yaani sehemu nne za elfu za milimita, kuwekwa kwenye kioo cha hadubini. Doa la milimita 2 lililo pembeni ya kisu halitaonekana milele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanapatholojia, yaani madaktari wanaopima nyama ya mwili maabara, wa Japani waliamua kukata milango ya kizazi kwa mfululizo, kipande baada ya kipande, na wakazikuta seli hizi mara nyingi kuliko vitabu vilivyokuwa vikisema. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya huo uadimu ni uadimu wa kutafuta. Wanawake wengi huenda wanazikwa na nevasi zao bila yeyote kujua, na hawajapungukiwa na kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo kipimo cha Pap, kile cha kutafuta dalili za saratani ya mlango wa kizazi, hakisaidii hapa. Kipimo kile hukwangua seli za juu. Nevasi ya bluu imekaa chini ya utando ambao haujaguswa. Majibu mazuri ya Pap, au ya HPV, kirusi kinacholeta saratani nyingi za mlango wa kizazi, hayasemi ipo wala haipo. Na kirusi hicho hakihusiki kabisa na kuizalisha. Nalisisitiza hili kwa kuwa nimesikia swali likiulizwa kwa sauti ya chini, mume akiwa amekaa nje kwenye benchi: haya madoa yanaambukizwa? Hayaambukizwi. Hayatokani na mtu kuwa na wapenzi wengi, wala hayana habari na uchafu.

Damu, dawa, na mimba

Weusi wa damu ndio unaowachanganya hata wazoefu. Endometriosisi, ule ugonjwa wa utando wa ndani ya kizazi kuota mahali pasipo pake, wakati mwingine huota juu ya mlango wa kizazi wenyewe, hasa pale ambapo palichubuka au kukatwa, iwe kwa kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara), kwa upasuaji au kwa kuchanika wakati wa kujifungua. Utando huo unatokwa damu mwezi kwa mwezi kama ulio ndani, ila damu haina pa kutokea. Unabaki uvimbe mdogo mwekundu uliokolea, wa bluu au mweusi, na ukiugusa unaweza kuvuja. Kidokezo kizuri ni tarehe: doa linalovimba na kukolea karibu na hedhi, kisha likanywea, lina uwezekano mkubwa wa kuwa damu kuliko melanini. Mwanamke anayetokwa matone baada ya tendo la ndoa na siku mbili kabla ya hedhi aseme hivyo hivyo, asione haya.

Vifuko vya Naboth navyo hutajwa sana kwenye majibu. Ni tezi za ute zilizozibwa mdomo. Kwa kawaida vina rangi ya maziwa au njano, lakini vikiwa vya ndani hupata kivuli cha bluu. Martin Naboth, Mjerumani aliyeviandika mwaka 1707, alidhani ameona mayai ya mwanamke. Havina madhara.

Kisha yapo yaliyoletwa na mikono ya watu. GV, ile dawa ya kupaka, huacha zambarau. Ayodini inayopakwa wakati wa uchunguzi hugeuza mlango mzima kuwa kahawia kwa muda. Dawa kali zinazowekwa ukeni kwa nia ya kukaza au kusafisha, ziwe za dukani au za mizizi, huweza kuunguza na kuacha makovu yenye rangi. Lakini mchokozi mkuu ni mchanganyiko wa Monsel, ile dawa nzito ya rangi ya haradali inayopakwa kusimamisha damu baada ya kuchukua kinyama. Ina chuma. Siku zinazofuata mgonjwa hutokwa na uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, na akirudi mapema kukaguliwa, mlango wa kizazi unaweza kuwa na mabaka meusi ambayo wiki iliyotangulia hayakuwepo. Chuma hicho hata huingia kwenye nyama na kuonekana kwenye hadubini, kikimkanganya msomaji asiyeambiwa.

Mimba ina ubluu wake. Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8 hivi, damu inavyojaa sehemu za uzazi, mlango wa kizazi na uke hupata rangi ya bluu-zambarau. Huitwa dalili ya Chadwick, ingawa James Chadwick, daktari wa Boston, alimtaja mwenyewe Mfaransa Jacquemin aliyeiona nusu karne kabla yake. Tofauti ni kwamba ubluu wa mimba umeenea kote. Haukai kama doa.

Yule anayepaswa kuogopwa

Melanoma ya mlango wa kizazi ipo. Ni nadra mno, na ni katili. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na kinachowaleta hospitali ni damu: damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya miaka bila hedhi, au majimaji yenye harufu. Doa lake huwa limeinuka, lina kingo zisizotulia, lina kidonda, linakua. Wakati mwingine si la mlango wa kizazi kabisa bali limesambaa kutoka melanoma ya mahali pengine. Na wazo kwamba melanoma ni ugonjwa wa wazungu wanaoota jua halina nafasi hapa. Melanoma za utando hazihitaji jua, na kwa watu weusi melanoma ya ngozi nayo hupenda nyayo na chini ya kucha. Bob Marley aliuawa na iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Ubaya zaidi ni kwamba baadhi ya melanoma hazina rangi. Zinakuwa za pinki kama nyama iliyo jirani. Hivyo weusi si ushahidi wa saratani, na kukosa weusi si ushahidi wa usalama. Ndiyo maana siamini sana jicho la mtu yeyote, hata la bingwa, anayetazama doa jeusi kisha akatamka jina lake papo hapo.

Hapa ndipo tunarudi kwa yule aliye kitandani. Uchunguzi mwingi wa saratani ya mlango wa kizazi katika vituo vyetu hufanywa kwa asidi ya asetiki, siki kwa lugha ya wodini. Muuguzi anapaka, anasubiri dakika moja hivi, anatafuta weupe: sehemu iliyogeuka nyeupe na yenye ukingo inaashiria seli zinazobadilika. Mfumo mzima umejengwa kutafuta cheupe. Ni mfumo mzuri. Tanzania peke yake hupata zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka, na wengi wangeweza kukamatwa mapema kwa bakuli la siki na taa. Lakini cheusi hakimo kwenye hesabu yake. Doa jeusi ambalo halikugeuka nyeupe haliwi "hasi" kwa sababu hiyo tu.

Kosa la kuepuka ni kulichoma. Tiba mgando na kifaa cha joto vipo mezani, mgonjwa ametoka mbali, nauli ni tatizo, na mkono unawasha kumaliza kazi siku ile ile. Kwa mabadiliko meupe yanayofaa, utaratibu wa kuona na kutibu papo hapo umeokoa wengi. Kwa doa jeusi unaharibu. Kuchoma na kugandisha huua nyama bila kuacha cha kupeleka maabara. Ikiwa lilikuwa melanosisi, umemuumiza mtu bure, na rangi inaweza kurudi. Ikiwa lilikuwa melanoma, umeunguza juu na kuacha mizizi, na umefuta ushahidi. Kinyama kwanza. Kama kituo hakiwezi, rufaa.

Kinyama kikifika maabara, mpatholojia ana ujanja wake. Kwenye rangi za kawaida melanini na chuma cha damu vyote vinaonekana chembe za kahawia, pacha kabisa. Anachukua ukanda mmoja na kuutia rangi ya Perls: chuma kinageuka bluu ya kukolea, melanini haijali. Ukanda wa pili anautia rangi ya Fontana-Masson, yenye fedha: melanini inakuwa nyeusi tii. Akitaka uhakika zaidi anaiosha melanini kwa pamanganeti ya potasi mpaka inapauka, ili aone sura halisi ya viini vya seli vilivyokuwa vimefichwa na rangi. Viini vidogo, vinavyofanana, visivyogawanyika, ni habari njema. Kisha vipo vipimo vya kingamwili, S100, SOX10, HMB-45 na Melan-A, vinavyothibitisha kwamba seli ni melanosaiti. Hivi vya mwisho havitenganishi peke yake nevasi na melanoma, kwa sababu zote mbili ni melanosaiti. Sura na tabia ya seli ndiyo inayoamua. Na rangi ya kawaida ya vipimo hivyo ni kahawia, kwa hiyo penye melanini nyingi maabara makini hutumia nyekundu, la sivyo huwezi kujua kahawia ipi ni ya kipimo na ipi ni ya mgonjwa.

Majibu yakisema melanosisi au nevasi ya bluu, hakuna dawa ya kumeza, hakuna upasuaji wa pili, hata kama kinyama kilichukua nusu tu ya doa. Hedhi, ujauzito na kujifungua vinaendelea kama ilivyokuwa. Ratiba ya uchunguzi wa saratani inabaki ile ile ya wanawake wote, na anayeishi na VVU anabaki kwenye ratiba yake ya karibu zaidi. Picha ikipigwa na kuwekwa kwenye faili inasaidia, ili mtu wa mwaka kesho asianze upya.

Kuna mwanamke mmoja ambaye ningemtazama kinywani kabla ya kumruhusu aende. Mwenye madoa meusi pia midomoni na ndani ya mashavu huenda ana hali ya Laugier-Hunziker, ambayo ni rangi tu, pamoja na michirizi ya kucha, na haidhuru. Lakini madoa ya midomo yaliyoanza utotoni, pamoja na historia ya maumivu ya tumbo au ya utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, yanaweza kuwa ya Peutz-Jeghers, ugonjwa wa kurithi wenye vinyama vinavyoota ndani ya utumbo. Huyo ana hatari ya saratani kadhaa, mojawapo ikiwa saratani ya tezi ya mlango wa kizazi isiyo na uhusiano na HPV, ambayo huanza ndani ya mfereji na kutoa ute mwingi wa majimaji. Kwake doa la mlango wa kizazi si hoja. Hoja ni midomo.

Na kwa anayechukua kinyama, fomu ya maabara ijazwe. Kwenye nafasi ya maelezo mara nyingi huandikwa "kidonda, mlango wa kizazi" basi. Iandikwe rangi, ukubwa kwa milimita, upande lilipo kwa kufananisha mlango na uso wa saa, kama ni bapa au limeinuka, tarehe ya hedhi ya mwisho, na kama mchanganyiko wa Monsel ulipakwa, lini.